Kuzuru Nyumba ya Jamaa ya Kale

 Maongezi yangu leo ni juu ya kuzuru nyumba ya kale. Yaani nyumba iliyojengwa zamani na jamaa moja kubwa, wakakaa humo na watu wao, kisha wakaondoka, na sasa wageni huenda kuitazama.

Watalii huvuka bahari kuja kuziona nyumba za namna hiyo katika kisiwa chetu cha Unguja. Lakini ukiulizauliza vijijini kwetu, utawakuta watu wazima wengi waliozipita nyumba hizo mara nyingi mno garini, wasiteremke hata mara moja. Husema, "Ni magofu tu yale." Nataka kuwaonyesha leo kwamba gofu lina maneno mengi, na kwamba mtu wa Fumba aweza kuyasoma vizuri kuliko mgeni, mradi ajue ayatafute wapi.

Kwanza, msidhani ya kuwa kuzuru nyumba za jamaa ni desturi ya huku peke yake. Hata China yako mambo hayo, na China si nchi ngeni kwa pwani yetu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua Unguja Ukuu vigae vya vyombo vya Kichina vilivyoletwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na katika makaburi ya kale ya pwani sahani za Kichina zilipachikwa ukutani kuwa pambo. Basi huko China, katika jimbo la Shanxi, liko jumba la jamaa ya Qiao. Mzee wa kwanza wa jamaa hiyo kupata mali alikuwa mtu maskini, aliyehama kwao akawa anauza majani ya kulisha wanyama na chakula cha soya kiitwacho tofu. Watoto wake na wajukuu wake wakawa matajiri wa biashara na wa fedha. Ujenzi wa jumba ulianza mnamo mwaka 1756, na kila kizazi kikaongeza, hata vyumba vikawa 313, vikizunguka nyua kubwa 6 na nyua ndogo 20. Mwaka 1986 likafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na sinema mashuhuri iliyotoka mwaka 1991 ikapigwa humo. Tangu hapo watalii wakafurika.

Sisi nasi tunayo nyumba yetu ya jamaa, nayo ni jumba la Mtoni, ambalo Waarabu waliliita Bet el Mtoni. Liko ufukweni, kaskazini ya mji, yapata maili tatu. Shamba lile lilikuwa kwanza la Saleh bin Haramil, Mwarabu mfanyabiashara, mmoja wa watu wa kwanza kupanda mikarafuu katika Unguja. Kisha Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, akalitwaa. Seyyid Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akapendezwa na nchi, na baada ya miaka si mingi jumba la Mtoni likawa limesimama. Hapo ndipo alipofanya makao yake alipohama Maskati. Alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, katika kurudi Unguja.

Mtu wa Fumba atakaye kwenda huko na aondoke asubuhi. Gari litampitisha Bweleo, Dimani na Kombeni mpaka mjini, na mjini atapanda gari jingine liendalo Bububu. Njiani, mkono wa kushoto upande wa bahari, atayapita magofu ya Maruhubi, jumba la Seyyid Barghash bin Said lililoungua moto mwaka 1899, zikabaki nguzo na hamamu. Mbele kidogo ndipo Mtoni. Afikapo asitazamie vyumba vyenye mapambo kama vya wale Wachina. Atakuta kuta ndefu zisizo na paa, madirisha yaonyeshayo mbingu, na sauti ya bahari upande wa pili. Hapo wengine hupiga picha mbili tatu wakaenda zao. Huyo wa Fumba na angoje kidogo, atazame mambo matatu.

Jambo la kwanza ni vitu vilivyojengea nyumba. Aende karibu na ukuta, pale lipu ilipobanduka, atazame ndani yake. Ataona mawe ya matumbawe na chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Mgeni wa Ulaya huona ajabu. Mtu wa Fumba huona ardhi ya kwao. Nchi yenu ni mawe hayo hayo. Wazee wenu wanaijua kazi ya tanuu: magogo hupangwa duara, mawe huwekwa juu yake, moto hutiwa, na mawe yakiisha kuungua huwa chokaa. Mnajua kuni ziendazo humo ni nyingi namna gani, na mikono ni mingapi. Basi mkitazama ukuta mmoja wa Mtoni, unene wake na urefu wake, mwaweza kukisia ni matanuu mangapi yaliyochomwa na ni msitu wa namna gani ulioteketea. Hesabu hiyo mtalii hawezi kuifanya, maana hajapata kuona tanuu.

Tena aupime upana wa chumba kwa hatua zake. Ataona kwamba vyumba vya nyumba za kale hapa kwetu huwa virefu lakini vyembamba, na upana wake kwa kawaida hauzidi sana futi 10. Kwa nini tajiri mwenye merikebu na mashamba akae katika chumba chembamba? Sababu ni boriti. Dari ilichukuliwa na miti ya mikoko, kama hiyo mnayoiona katika ghuba yenu ya Menai, na mingi ililetwa Unguja kwa majahazi kutoka Rufiji. Juu ya boriti yalipangwa mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa, ikatwangwa mpaka ikashikana. Mzigo huo ni mzito sana. Boriti ikizidi urefu, hupinda. Kwa hiyo mti wa mkoko ndio ulioamuru upana wa chumba cha mfalme sawasawa na cha mfanyabiashara mdogo wa mjini. Mfalme aliweza kuongeza vyumba, asiweze kuvipanua.

Jambo la pili ni maisha ya watu waliokaa humo. Hapa tuna bahati ambayo magofu mengi hayana, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa Mtoni aliyaandika aliyoyaona. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata akaolewa na Mdachi mfanyabiashara, akaenda kukaa Ulaya, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kitabu kwa Kidachi, habari za maisha yake, nacho kimefasiriwa kwa lugha nyingine.

Asema katika kitabu hicho kwamba Mtoni palikuwa na ua mkubwa mno, na uani mlikuwa na swala, tausi, kanga, mabata, heroe na mbuni, wote wakitembea huru kati ya watu. Upande mmoja palikuwa na hamamu, ambako watu wa nyumba walikwenda kuoga na kuzungumza kutwa. Mbele ya bahari ilikuwako roshani kubwa ya mviringo, na huko Seyyid Said alikuwa akitembea peke yake, kichwa kainama, akichechemea kidogo kwa jeraha la vita la zamani. Baba huyo alikaa Mtoni siku nne kila juma, na siku zilizobaki alikuwa mjini. Nyumba nzima, kwa kadiri ya maneno ya binti yake, ilikuwa na watu zaidi ya elfu.

Katika habari zake moja yawapasa hasa wanafunzi. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa siku zile, akanakili herufi za Msahafu moja moja, mpaka mkono ukazoea. Kama mtoto yule asingefanya hivyo, leo tungesimama Mtoni tusijue habari za tausi wala roshani wala mzee aliyetembea akiinamisha kichwa. Ndugu zake walikuwa wengi, na wote walikaa katika ua ule ule. Lakini aliyetuachia habari za ua ule ni yule aliyeandika.

Jambo la tatu ni wale wasioandikwa. Hapa nawaomba mnisikilize vema, maana hapa ndipo wageni wengi hudanganyika, na viongozi wao wakati mwingine huwasaidia kudanganyika. Katika wale watu elfu wa Mtoni, watoto wa mfalme walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa wapishi, wachota maji, wapagazi, walinzi, wayaya, wafua nguo, na wengi wao sana walikuwa watumwa. Hata mama yake Salme aliletwa mtumwa, ametekwa mtoto katika nchi ya Circassia karibu na Bahari Nyeusi, akanunuliwa, kisha akawa suria wa Seyyid Said. Na mali iliyolisha nyumba ilitoka katika mashamba ya mikarafuu, ambako kazi ya kupalilia na kuchuma ilifanywa na watu walioletwa kutoka bara kwa nguvu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, na amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba haikutoka mpaka mwaka 1897. Jumba la Mtoni lilisimama katika ufalme wa utumwa muda wote lilipokuwa na watu.

Salme katika kitabu chake hakuwa adui wa utumwa. Aliutetea, kama watu wengi wa nyumba yake walivyouona. Basi tumsome kwa shukrani, lakini tukumbuke ya kuwa alikuwa ghorofani. Yule aliyepanda ngazi na mtungi kichwani hakuandika kitabu. Jina lake hatuna. Lakini kazi yake tunayo, maana ukuta ule aliubeba yeye jiwe kwa jiwe. Mtu wa Fumba akiweka kiganja chake juu ya jiwe lile, anagusa kazi ya mtu ambaye huenda ni babu wa jirani yake. Kwa hiyo asione haya kuuliza, na kiongozi asione haya kujibu: nani alijenga hapa, na alilipwa nini? Kuuliza hivyo si kutukana wafu wala si kufufua ugomvi. Nyumba ilikuwa na watu elfu. Kusimulia habari za kumi tu ni kuipunguza nyumba.

Sasa tutazame namna jumba lilivyokufa, maana hapa kuna somo kwa kila mwenye nyumba. Baada ya kufa Seyyid Said, watawala waliofuata wakajenga majumba yao wenyewe, na Mtoni pakaachwa. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 kutazama kwao, alikuta gofu, naye alikuwa hajatimiza miaka hata 20 tangu aondoke. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 majengo yaliyobaki yalitumiwa kuwa ghala, yakazidi kuharibika.

Nyumba ya mawe na chokaa haiuawi na miaka. Huuawa na maji. Kwanza ufa mdogo hutokea katika sakafu ya paa. Mvua ya masika hupenya, boriti huanza kuoza pale zinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Boriti zikivunjika, paa hushuka. Paa likiisha kushuka, kichwa cha ukuta huwa wazi, na kila mvua huosha chokaa kidogo kidogo. Ndege huangusha mbegu, mti huota juu ya ukuta, mizizi hutafuta njia kati ya mawe. Kutoka hapo haichukui muda mrefu. Na mtu akija kuziba kwa saruji, akidhani amefanya wema, mara nyingi huzidisha madhara, kwa sababu chokaa hupumua na saruji haipumui. Unyevu hufungwa ndani ya ukuta, nao hula mawe kwa siri. Mafundi wanaojua kazi ya chokaa ni watu wa thamani kuu, na kazi yao ingefaa ifundishwe vijana wa Fumba kabla hawajakwisha wazee wanaoijua.

Jambo hili si la magofu peke yake. Beit el Ajaib, jumba kubwa la mjini lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa likifahamika na kila mtoto wa Unguja. Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati wa kazi ya kulitengeneza, wakafa watu wawili. Sifa haizuii maji. Jina likiandikwa katika daftari la dunia, bado mtu hana budi kupanda juu ya paa na kuziba ufa.

Lakini iko hatari nyingine, nayo ni kinyume cha hiyo ya kwanza. Turudi kwa jamaa ya Qiao kule China. Jumba lao halikukosa paa wala halikukosa wageni. Lilipewa daraja ya juu kabisa katika nchi ile kwa mahali pa kutembelewa. Mwezi wa Julai 2019 serikali ikaliondolea daraja hiyo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba biashara imezidi mno mahali pale. Nyumba ya jamaa ilikuwa ikigeuka soko. Basi nyumba ya kale yaweza kufa kwa kukosa wageni, na yaweza kuharibika kwa kupata wageni wengi wasiopewa kitu ila vitu vya kununua. Sisi wa Unguja, ambao watalii kwetu huleta riziki ya watu wengi, yatupasa kuyatazama yote mawili.

Nimalize kwa maneno machache ya matendo. Mtu akienda Mtoni, au Maruhubi, au Dunga kwenye jumba la Mwinyi Mkuu, au Kidichi kwenye hamamu aliyoijengea Seyyid Said mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, asichukue hata jiwe moja. Asiandike jina lake ukutani. Asipande juu ya kuta, maana zinadanganya. Mwalimu akipeleka darasa lake, awape watoto kamba ya kupimia, karatasi na kalamu ya risasi: mmoja apime chumba, mwingine achore dirisha, mwingine ahesabu matundu ya boriti katika ukuta, maana matundu hayo yatamwambia ghorofa zilikuwa ngapi hata kama sakafu zimekwisha. Wakirudi skuli waulizane yale maswali matatu: nyumba ilijengwa kwa kitu gani, nani walikaa humo, na nani waliifanyia kazi?

Kisha, enyi wanafunzi, yaulizeni maswali yayo hayo hapo nyumbani. Siku hizi nchi ya Fumba inabadilika upesi. Mji mpya unajengwa, barabara zimekuja, na watu kutoka nchi nyingi wananunua nyumba mahali ambapo babu zenu walichoma chokaa na kuvuta nyavu. Nyumba ya babu yako ya mawe na makuti si ndogo kwa historia. Muulizeni babu, leo angalipo, nani aliyechimba msingi, mawe yalitoka wapi, kisima kilichimbwa na nani, na nani walilala katika chumba kipi. Yaandikeni katika daftari, na tarehe mziweke. Hamna haja ya mfupa wa ngamia, kalamu mnazo.